Mbwa Aliyepoa Lakini Hatetemeki

Ukimpima mbwa joto na kipimajoto kikasoma nyuzi 35, halafu ukaona mwili wake umetulia tuli bila kutetemeka, usikimbilie kumpasha moto. Fikiria thairoidi kwanza, ile tezi ya shingoni inayotoa homoni ya kuuendesha mwili. Mbwa mzima ana joto la nyuzi 38 hadi 39.2. Akinyeshewa au akilala kwenye simiti usiku kucha, misuli hutetemeka ili izalishe joto. Mbwa ambaye tezi yake ya thairoidi imeharibika hana homoni ya kuendesha kazi hiyo. Anapoa taratibu, anasinzia, anazidi kupoa, na asubuhi mwenye mbwa akimwita kwa jina, anafumbua macho tu na hainuki.

Hiyo ndiyo dharura kubwa ya thairoidi kwa mbwa: kuzimia kwa kukosa homoni. Dharura ya pili, homoni kuzidi hadi moyo unakimbia na mwili unawaka, ni adimu zaidi, na tutaifikia. Zote mbili hazionekani mara kwa mara katika kliniki za Nakuru wala Kisumu, na kwa sababu hiyo zinapokuja hutafsiriwa kuwa kitu kingine: sumu, homa ya kupe, au uzee. Tunachotaka kieleweke kabla ya yote ni kwamba mbwa aliyepoa kwa thairoidi anaweza kuuawa na msaada wenyewe ukitolewa kwa pupa.

Mahali unapoishi pana maana yake. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huko Njoro, Molo au Mau Narok unamjaribu hata mbwa mwenye afya. Kwa hiyo mbwa wa ulinzi akikutwa na nyuzi 36 alfajiri, ni rahisi kuilaumu baridi na kumaliza mjadala. Kisumu ni kinyume chake. Joto la mchana huwaficha mbwa wa namna hii kwa miaka, kwa sababu jua linawafanyia kazi ambayo miili yao imeshindwa. Lakini mbwa mwenye nyuzi 36 saa nane mchana Kisumu hana baridi ya kusingizia, na anayempima ashtuke mara moja.

Ugonjwa wenyewe hauanzi siku hiyo. Kwa mbwa wengi kinga ya mwili huishambulia tezi, au tezi hunyauka yenyewe na nafasi yake kujaa mafuta. Dalili hujitokeza baada ya sehemu kubwa ya tezi, kama robo tatu, kuwa imekwisha. Huwapata zaidi mbwa wa makamo, kati ya miaka minne na kumi, na mbwa wa umbo la kati na wakubwa kuliko wadogo. Doberman na Golden Retriever wamo sana kwenye orodha hiyo, lakini mbwa wa kienyeji hajakatazwa kuugua.

Kwa hiyo maswali ya kwanza kwa mwenye mbwa yahusu miezi iliyopita, hata kama mbwa amelala pale mezani hajitambui. Amenenepa wakati chakula hakijaongezwa? Ameacha kwenda getini wageni wakija? Anatafuta jua, au analala kando ya jiko? Manyoya ya mkia yamepukutika hadi umebaki kama wa panya? Manyoya ya mbavuni yamepungua pande zote mbili, bila mbwa kujikuna? Hilo la kutojikuna lina uzito. Mbwa wengi wa namna hii wameshadungwa ivamektini, dawa ya vimelea, na prednisoloni, steroidi ya kutuliza muwasho, mara kadhaa kwa sababu ngozi ilidhaniwa ina upele, na upele huwasha. Jibu tunalolisikia sana ni, “Daktari, huyu amezeeka tu.” Mbwa mwenye miaka sita hajazeeka.

Kisha mguse uso. Weka kidole gumba juu ya paji au kwenye shavu, bonyeza kwa nguvu ya wastani uhesabu hadi tano, uachie. Uvimbe wa maji ya kawaida, kama wa mbwa mwenye minyoo mingi au ini bovu, hubaki na shimo la kidole. Huu wa thairoidi haubaki na shimo. Ngozi ni nene, inarudi kama mpira, kwa sababu kilichojaa chini yake si maji matupu bali utomvu mzito unaoyashika maji. Kope za juu zinalegea, mashavu yanashuka, na mbwa anakuwa na sura ya huzuni. Mwenye mbwa atakuambia amenenepa uso.

Baada ya hapo hesabu mapigo ya moyo. Kwa mbwa mkubwa aliye mgonjwa na aliyeshikwashikwa na watu wageni, mapigo chini ya 60 kwa dakika si kawaida. Pumzi ni chache na za juujuu. Ufizi umefifia. Shinikizo la damu liko chini. Vuta damu, uiache kwenye tubu isiyo na dawa mpaka igande, kisha tazama ule umajimaji unaojitenga juu. Kwa mbwa ambaye hajala tangu jana unapaswa kuwa mwangavu, rangi ya majani makavu. Ukiwa mweupe kama maziwa, mafuta na kolesteroli vimejaa kwenye damu, na thairoidi inapanda juu kwenye orodha yako. Upungufu mdogo wa damu huonekana pia, na sodiamu huwa chini kwa sababu mwili unabakiza maji kupita kiasi.

Katika eneo letu lazima uondoe vitu viwili kabla ya kusema thairoidi, na vyote viwili vinatoka kwenye boma la ng'ombe. Cha kwanza ni amitrazi, dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe. Mbwa akiogeshwa kwa mchanganyiko mkali, au akiulamba, anapoa, moyo unapunguza kasi, anapumbaa. Ukimwona mlangoni huwezi kumtofautisha na mgonjwa wa thairoidi. Kipima sukari cha binadamu, kile kidogo cha kuchoma kidole, kitakusaidia hapa: amitrazi hupandisha sukari, ilhali mbwa wa thairoidi ana sukari ya kawaida au iliyoshuka. Uliza pia ameoga lini. Sumu hiyo huanza ndani ya saa chache, na ina dawa yake ya kuipinga, atipamezoli au yohimbini. Cha pili ni ivamektini ya ng'ombe aliyodungwa mbwa kwa kukisia. Huyo huwa na mboni zilizopanuka, anatoka udenda, mara nyingine haoni kabisa, na hana historia ndefu ya unene na mkia mtupu.

Usisahau tezi zilizo juu ya figo. Zikifa nazo, mbwa huanguka akiwa na moyo wa polepole na sodiamu ya chini vilevile, lakini potasiamu yake iko juu. Hili si jambo la vitabuni tu, kwa sababu mbwa mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, na ukimpa homoni ya thairoidi peke yake, kotisoli (homoni ya tezi hizo za juu ya figo) kidogo aliyobaki nayo itachomwa haraka na utamwangusha. Potasiamu ikikutia shaka, vuta damu ya kupima kotisoli, mpe dekisamethasoni, steroidi ambayo haivurugi kipimo hicho, ndipo uanze thairoidi. Kama shaka hiyo haipo, dekisamethasoni ya mazoea haifai. Steroidi nazo huishusha homoni ya thairoidi.

Karibu kila mara kuna kitu kilichomsukuma kutoka kwenye uvivu hadi kwenye kuzimia. Tafuta maambukizi: nimonia, mkojo, ngozi iliyooza chini ya manyoya. Tafuta moyo mbovu. Na uulize kama alilazwa nusukaputi siku za karibuni kwa ajili ya kufunga kizazi au kushonwa jeraha. Kati ya dawa za kulaza, asepromazini hushusha shinikizo la damu, zailazini hupunguza mapigo ya moyo, na mbwa huyu hana akiba ya kufidia kimojawapo. Mbwa ambaye bado hajaamka vizuri saa nyingi baada ya operesheni ndogo, na mkia wake ni mtupu, apimwe thairoidi.

Sasa matibabu. Tuchukue mbwa wa kilo 30, ili hesabu ziwe wazi.

Njia ya hewa na oksijeni vinatangulia. Usimpe chakula wala maji kwa mdomo akiwa hajitambui, hata maziwa ya moto ambayo familia itasisitiza yampe nguvu; yataingia mapafuni. Weka kanula mshipani, na vuta mililita tatu hadi tano za damu ya vipimo kabla ya tone la kwanza la homoni, kwa sababu ukishaitoa hutaweza kuthibitisha ugonjwa kwa wiki nyingi. Pima sukari. Ikiwa chini ya milimoli 3.3 kwa lita, mpe glukosi ya asilimia 50, nusu mililita hadi mililita moja kwa kilo, iliyopunguzwa makali kwa maji ya chumvi mara mbili hadi nne ya ujazo wake, uisukume polepole kwa dakika tano hadi kumi. Ukiidunga bila kuipunguza makali, utauchoma mshipa unaoutegemea kwa siku mbili zijazo.

Maji ya dripu yawe ya chumvi asilimia 0.9, na yaende taratibu: mililita mbili kwa kilo kwa saa. Kwa kilo 30 ni mililita 60 kwa saa. Ukiwa na seti ya matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 20 kwa dakika, tone moja kila baada ya sekunde tatu. Kwa macho ya mwenye mbwa hiyo itaonekana kama dripu iliyoziba, na atakuomba uifungue. Usifungue. Mwili huu tayari umebakiza maji usiyoyahitaji, moyo unapiga kwa udhaifu, na lita moja ya haraka itaishia mapafuni. Shinikizo likiwa chini sana, mpe mililita tano kwa kilo kwa dakika 15 hadi 20, pima tena, ndipo uamue. Sodiamu nayo isipande zaidi ya milimoli 10 kwa lita ndani ya saa 24; ikipanda kwa kasi ubongo unaumia, na uharibifu huo huonekana siku kadhaa baadaye wakati kila mtu ameshafurahi.

Kumpasha joto ndipo tunapowasihi watu zaidi. Mkaushe, mtoe kwenye simiti, mlaze juu ya godoro au gunia kavu, mfunike blanketi mbili, funga madirisha. Basi. Chupa za maji moto na mito ya umeme hufungua mishipa ya ngozi kwa ghafla, damu hukimbilia nje, na shinikizo ambalo lilikuwa chini linaanguka kabisa. Mbwa anakufa akiwa ameanza kupata joto. Lenga nusu nyuzi hadi nyuzi moja kwa saa. Na katika nyumba za Molo na Kuresoi, jiko la makaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa kwa ajili ya mgonjwa huyu, kwa maana hewa yake ya sumu itamkuta ameshapungukiwa na pumzi, na watu wanaomlinda watadhurika pia.

Homoni yenyewe ni levothairoksini. Kwa mshipa, dozi ni mikrogramu nne hadi tano kwa kilo kila saa 12; kwa mbwa wetu ni 120 hadi 150. Moyo ukiwa mbovu, anza na nusu au pungufu ya hapo, kwani homoni huufanya moyo udai oksijeni zaidi kuliko uwezavyo kupata. Shida ni kwamba sindano hiyo haipatikani kirahisi, na mara nyingi utabaki na vidonge vya binadamu. Saga vidonge, changanya na maji kidogo, upitishe kwa mpira wa tumbo, mradi mbwa anaweza kumeza na koo lake lina ulinzi. Hapo dozi ni mikrogramu 20 kwa kilo kila saa 12, yaani 600. Utumbo uliolala haufyonzi vizuri, kwa hiyo usitarajie kasi ya sindano, lakini ni bora kuliko kungoja dawa isafirishwe hadi kesho.

Dozi hiyo ya vidonge italeta ubishi kwenye duka la dawa. Mikrogramu 600 ni vidonge sita vya mikrogramu 100, asubuhi sita na jioni sita. Mtu mzima wa kilo 60 ambaye tezi yake haifanyi kazi hutumia kama kidonge kimoja tu kwa siku. Mfamasia mwangalifu atauliza, “Hii ni ya nani?” na ana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba utumbo wa mbwa hufyonza sehemu ndogo tu ya dawa, na mwili wake huiondoa ndani ya saa chache, ilhali kwa binadamu nusu ya dawa hukaa kama wiki nzima. Daktari aandike uzito wa mbwa na hesabu kwenye karatasi yenyewe. Tumeona dozi zikipunguzwa kaunta kwa nia njema, na mbwa akirudi vilevile alivyokuwa.

Mpe kiuavijasumu cha wigo mpana kama maambukizi hayajaondolewa shaka. Ampisilini miligramu 20 kwa kilo kwa mshipa kila saa nane ni mwanzo unaokubalika. Epuka dawa za salfa, kwani zenyewe huizuia tezi kufanya kazi. Epuka kila dawa ya usingizi. Pima joto na mapigo kila saa, sukari kila saa nne, mgeuze ubavu kila saa nne, mpake mafuta ya macho. Mambo yakienda vizuri, ndani ya siku moja au moja na nusu atainua kichwa, na joto litaanza kupanda bila wewe kuongeza blanketi. Si wote wanaofika hapo. Vifo ni vingi hata katika hospitali zenye kila kitu, na mwenye mbwa aambiwe hivyo mapema.

Kuhusu maabara, jihadhari na mashine za hospitali za binadamu. T4, yaani homoni ya thairoidi kwenye damu, zinaweza kuipima, lakini viwango zinavyochapisha ni vya watu. Mbwa mzima huwa na T4 ya nanomoli 15 hadi 50 kwa lita; binadamu huanzia kama 60. Kwa hiyo mbwa mwenye afya na 25 yake atachapishiwa kwamba yuko chini. TSH ya mbwa (homoni inayoiamrisha tezi) haisomwi kabisa na kipimo cha binadamu. Inahitaji maabara yenye kipimo cha mbwa. Tena, ugonjwa wowote mzito, babesia (homa ya kupe), ndorobo, hata jeraha baya, hushusha T4 wakati tezi ni nzima. T4 ya chini peke yake kwa mbwa mwenye homa ya kupe si sababu ya kumwekea vidonge vya maisha.

Dharura ya upande wa pili huonekana hivi: mbwa hatulii, anahema, anatapika na kuhara, mapigo yamepita 180, joto limepita nyuzi 40. Vyanzo ni vitatu. Uvimbe wa saratani wa tezi unaotoa homoni, ambao mara nyingi utaushika kwa vidole kando ya koromeo. Vidonge vilivyoliwa kutoka kwenye mkoba wa mtu. Na nyama ya koo.

Hiki cha mwisho kinahusu kila anayelisha mbwa mabaki ya bucha. Tezi ya ng'ombe imekaa kwenye koromeo, chini kidogo ya zoloto, na mkataji asipoitoa inaingia kwenye fungu la mbwa pamoja na koo. Kupika hakuiondoi homoni. Kati ya 1984 na 1985 huko Minnesota na South Dakota, Marekani, watu waliugua kwa kula nyama ya kusaga iliyochanganywa na vipande vya koo vyenye tezi, na waliipika. Mbwa anayelishwa koo kila siku hukonda, anakunywa maji sana, hatulii. Damu ikipimwa, T4 iko juu na shingoni hakuna uvimbe. Dawa ya kwanza ni kubadilisha nyama. Methimazoli na kabimazoli hazina kazi hapa, kwa kuwa huizuia tezi isitengeneze homoni, na hii imetengenezwa na ng'ombe.

Kwa vidonge, piga hesabu kabla ya hofu. Dalili nzito kwa kawaida huhitaji zaidi ya mikrogramu 200 kwa kilo kwa mara moja. Mbwa wa kilo 20 akila vidonge kumi vya 100, amepata 50 kwa kilo, na mara nyingi atabaki salama kwa kuangaliwa tu. Spitz, mbwa mdogo, wa kilo nne akila hivyo hivyo amepata 250. Atapishwe na daktari ndani ya saa moja au mbili akiwa na fahamu kamili, apewe mkaa wa dawa gramu moja hadi mbili kwa kilo, na achungwe usiku huo. Moyo ukikimbia, propranololi, dawa ya kupunguza mapigo, miligramu 0.2 kwa kilo kwa mdomo kila saa nane ni mahali pa kuanzia, hadi moja kwa kilo ikihitajika, isipokuwa ana pumu au moyo uliochoka. Mpoze kwa maji ya bomba na feni, na uache joto likifika nyuzi 39.5. Aspirini usimpe, huibandua homoni kutoka kwenye protini za damu na kuiachia zaidi.

Tukirudi kwa yule aliyepoa: akishaanza kula, ahamie vidonge, mikrogramu 20 kwa kilo kila saa 12, tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula hupunguza sana kinachofyonzwa. Uchangamfu hurudi ndani ya wiki moja au mbili. Manyoya huchukua miezi mitatu au minne, na hapo ndipo wengi huacha dawa wakidhani haifanyi kazi, au huacha manyoya yakirudi wakidhani amepona. Pima T4 baada ya wiki nne hadi sita, damu ivutwe saa nne hadi sita baada ya kidonge, na saa ya kidonge iandikwe kwenye fomu. Bila saa hiyo namba haisomeki. Operesheni isiyo ya lazima ingoje mpaka kipimo hicho kiwe sawa.